Bildadi ukutani mwa duka: jibu kwa msomaji wa Busia

Swali: Bwana asifiwe, mwalimu. Nauza vitenge na mashuka hapa Busia, upande wa Uganda. Mkesha wa mwaka mpya mchungaji wetu alitupa Ayubu 8:7 kuwa neno la mwaka, nami nikamlipa fundi akaliandika ukutani mwa duka kwa rangi nyekundu: "Mwisho wako utaongezeka sana." Sasa mwanangu wa sekondari amerudi likizo, akafungua Biblia, akaniambia, "Mama, haya maneno ni ya Bildadi, na Mungu mwenyewe alimkasirikia." Nimeona aibu. Tena kila asubuhi kikundi chetu cha kina mama kwenye WhatsApp kinaletewa mstari mmoja, na huo ndio ninaoshinda nao. Je, ni vibaya kusoma mstari mmoja mmoja? Na mtu kama mimi, mwenye Biblia ya Muungano tu isiyo na maelezo, ninayefungua duka alfajiri na kufunga usiku, nitajuaje mstari umetoka wapi na ulikuwa na maana gani? Na ukuta, niufute?

Jibu: Bwana asifiwe sana, dada yangu. Mwanao amesema kweli, ila hajamaliza kusoma. Tuanze na Ayubu, kwa sababu ukishaona yaliyotokea pale, sehemu kubwa ya swali lako itakuwa imejibika.

Ayubu amepoteza ng'ombe, punda, kondoo, ngamia na watumishi kwa siku moja. Siku hiyo hiyo upepo umeiangusha nyumba walimokuwa wanawe wakila, wote kumi wamekufa. Kisha mwili wake umejaa majipu, amekaa majivuni akijikuna kwa kigae. Wamekuja rafiki watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, wakakaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Kwa maoni yangu hayo ndiyo mazuri ya mwisho waliyomtendea. Ayubu anafungua kinywa katika sura ya 3 na kuilaani siku aliyozaliwa, Elifazi anamjibu, Ayubu anajitetea, na katika sura ya 8 ndipo zamu ya Bildadi inafika.

Sasa sikiliza anavyoanza. Kwanza anamwambia Ayubu kwamba maneno yake ni upepo mtupu. Halafu, katika mstari wa 4, anamwambia baba aliyefiwa na watoto kumi kwamba kama watoto wako walitenda dhambi, basi Mungu amewalipa kwa kosa lao. Ukiwa umewahi kukaa kwenye matanga unajua maneno ya namna hiyo yanavyochoma. Ndipo katika mstari wa 5 na wa 6 anaweka masharti: ikiwa utamtafuta Mungu, ikiwa wewe ni safi na mwelekevu, hakika angeamka kwa ajili yako. Na baada ya hayo yote unakuja mstari wenu wa mwaka: mwanzo wako ulikuwa mdogo, lakini mwisho wako ungeongezeka sana. Ile "ikiwa" imebaki kwenye kitabu, haikufika ukutani, na "ungeongezeka" ikageuka "utaongezeka" mikononi mwa fundi. Bildadi hakuwa anambariki Ayubu. Alikuwa anamwambia kwa adabu kwamba kama ungekuwa msafi, usingekuwa majivuni.

Na Mungu alisema nini? Mwanao alikuonyesha 42:7, ambapo BWANA anamwambia Elifazi kwamba hasira yake inawaka juu yake na juu ya rafiki zake wawili, "kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Hapo ndipo kijana alipofunga kitabu. Angeshuka mistari mitano tu, hadi 42:12, angekuta kwamba BWANA aliubariki mwisho wa Ayubu kuliko mwanzo wake: kondoo 14,000, ngamia 6,000, jozi 1,000 za ng'ombe, punda 1,000. Mwisho uliongezeka kweli! Alichosema Bildadi kilitokea, lakini si kwa sababu aliyoitoa Bildadi. Ayubu hakurudishiwa mali baada ya kukiri dhambi ambayo rafiki zake walimtungia; alirudishiwa alipowaombea rafiki hao hao, mstari wa 10. Na Paulo, katika 1 Wakorintho 3:19, ananukuu maneno ya Elifazi kutoka Ayubu 5:13 na kuyatumia kama kweli. Kwa hiyo hata kanuni ya "kila walichosema rafiki za Ayubu ni uongo" haisimami. Ni lazima usome.

Kuhusu ukuta, basi: usiufute kwa aibu. Kama rangi inakusumbua, mwite fundi aandike Ayubu 42:12, maneno yanakaribia kuwa yale yale. Lakini ujue kwamba pale unasoma habari ya jambo ambalo Mungu alimtendea mtu mmoja baada ya sura arobaini na moja za machozi na ubishi. Si bei iliyopangwa kwa kila mwenye duka. Ayubu alipata watoto wengine kumi, na wale kumi wa kwanza hawakufufuka.

Sasa, mstari mmoja asubuhi ni kosa? Hapana. Waisraeli waliamriwa kuyafunga maneno ya Mungu mkononi na kuyaandika kwenye miimo ya milango, Kumbukumbu la Torati 6. Yesu mwenyewe kule Nazareti alifungua chuo cha Isaya, akasoma maneno machache ya sura ya 61, akasimama katikati ya sentensi kabla ya kufika "siku ya kisasi", akakifunga, akakaa. Msalabani alilia mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, na msikilizaji aliyeijua zaburi yote alijua inakwenda wapi: inaanza na kuachwa, inafika kwenye sifa mbele ya kusanyiko kubwa. Mstari mfupi una kazi yake. Mtu aliye kwenye bodaboda, au anayesubiri gari la mzigo mpakani, hawezi kusoma Isaya nzima.

Lakini tazama pia jangwani. Katika Mathayo 4 Shetani anamnukulia Yesu Zaburi ya 91: Mungu atakuagizia malaika zake, mikononi mwao watakuchukua, usije ukajikwaa mguu wako katika jiwe. Nukuu ni sahihi. Ifungue zaburi yenyewe uone alichokiruka. Kwenye zaburi malaika wanaagizwa wamlinde mtu "katika njia zako zote", yaani anapokwenda zake. Si anapopanda juu ya kinara cha hekalu na kujitupa. Na mstari unaofuata, wa 13, unasema mwenye kumtegemea Mungu atamkanyaga nyoka. Shetani alinyamaza kabla ya kufika hapo, na sababu unaweza kuikisia mwenyewe. Jibu la Yesu nalo ni mstari mmoja tu, Kumbukumbu la Torati 6:16, usimjaribu Bwana Mungu wako. Ila ukiufungua unakuta umetajwa Masa, mahali ambapo watu walikosa maji jangwani, wakauliza kama BWANA yumo kati yao au hayumo, Kutoka 17. Naye Yesu yuko jangwani, ana njaa, anaambiwa adai ushahidi kwamba Mungu yuko naye. Wote wawili walitumia kipande kifupi. Mmoja aliking'oa, mwingine alikileta pamoja na habari yake yote.

Wewe ni muuza vitenge, hili utalielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wa chuo: kipande cha sampuli kinaonyesha rangi na uzito wa kitambaa, lakini hakionyeshi ua zima. Mteja hashoni gauni kwa kuangalia sampuli.

Tena hizo nambari tunazozitegemea hazikuandikwa na manabii wala mitume. Mgawanyo wa sura tunaoutumia unahusishwa na Stephen Langton, aliyekuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kule Uingereza mwanzoni mwa karne ya 13. Nambari za mistari ya Agano Jipya zilitiwa na mpiga chapa Mfaransa, Robert Estienne, katika chapa yake ya mwaka 1551. Zinatusaidia kukutana mahali pamoja, na mimi nisingependa kufundisha bila hizo. Lakini Paulo hakukaa chini kuandika "Wafilipi 4:13". Aliandika barua, ikapelekwa, ikasomwa mbele ya watu kuanzia salamu hadi neema ya mwisho.

Hata hapa kwetu haikuanza hivi. Wamisionari wa Kianglikana walipofika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Wakatoliki mwaka 1879, vijana wa ikulu walijifunza kusoma, na maandiko ya kwanza waliyoyashika mengi yalikuwa ya Kiswahili, kabla ya yale ya Kiluganda kupatikana. Kisha Injili zikatoka Kiluganda moja moja kama vijitabu. Biblia nzima ya Kiluganda ilikamilika mwaka 1896, na chapa yake ya zamani ilitengenezwa nyembamba kwa upana na nene kwa kimo ili iingie kwenye kopo la biskuti, mchwa wasiipate. Mtu aliyekuwa na Mathayo peke yake alisoma Mathayo, tena na tena, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hakuwa na kingine. Sisi tuna Biblia nzima kwenye simu, na mara nyingi tunachosoma ni ile picha ya machweo yenye maneno kumi juu yake.

Nikupe mfano wa pili, maana nina hakika kikundi chenu kimeshautuma: Yeremia 29:11. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Nauona kwenye kadi za mahafali na kwenye vioo vya taksi za Kampala. Hapa anayesema ni BWANA kweli, hatuna shida ya Bildadi. Swali ni "ninyi" ni akina nani.

Anza sura mwanzoni. Ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza hadi Babeli pamoja na mfalme Yekonia. Hilo lilikuwa mwaka 597 kabla ya Kristo. Rudi tena sura moja nyuma, kwa sababu ndiko ugomvi ulikoanzia. Katika sura ya 28 nabii mwingine, Hanania, amesimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza kwa jina la BWANA kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo, mfalme, mateka wote. Akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, watu wakiona. Nani asingependa mahubiri yale? Na Yeremia kwanza alijibu, "Amina, BWANA atende hivi." Kisha akaambiwa amrudie Hanania na kumwambia kwamba amewatumainisha watu hawa maneno ya uongo. Hanania alikufa mwaka ule ule, mwezi wa saba.

Baada ya hapo ndipo inakuja barua. Nayo inasema nini kabla ya kufika 29:11? "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Oeni, oezeni wana wenu, mwongezeke huko. Utakieni amani mji ule mliochukuliwa mateka, mkauombee. Msiwasikilize manabii walio kati yenu. Na mstari wa 10, ule ambao hauwekwi kwenye kadi: miaka sabini ikitimia Babeli, ndipo nitawarudisha.

Sabini. Mama mwenye umri wa miaka thelathini aliyesikia barua ile ikisomwa kando ya mto alielewa papo hapo kwamba yeye harudi, na kwamba tumaini lile atalifikia mjukuu wake. "Mawazo ya amani" yalikuwa jibu dhidi ya Hanania na miaka yake miwili. Inashangaza kidogo, basi, kwamba leo mstari huo ndio tunaowapa watu wanaotaka kusikia kwamba mambo yatanyooka kabla ya Desemba. Tumechukua maneno ya Yeremia tukahubiri ujumbe wa Hanania.

Niliwahi kuisoma sura hii na kikundi cha Wakongo katika makazi ya wakimbizi ya Kyaka II, wilaya ya Kyegegwa. Sikufika mstari wa 11. Tulipofika "jengeni nyumba", mzee mmoja aliinua mkono akaomba tusome tena. Kisha akasema kwamba tangu aingie Uganda hajapanda mti wa matunda kwenye kiwanja alichopewa, kwa sababu mwembe unachukua miaka na yeye ni mtu wa kurudi Kivu kesho. Wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe, kwa Kiswahili chao cha Kongo kinachokwenda mbio, kama kupanda mwembe ni kukata tamaa au ni kutii. Nilikaa kimya. Sijawahi kusikia mahubiri juu ya 29:11 yaliyoushinda ubishi ule.

Kwa hiyo mstari wako haukuharibika uliporudishwa mahali pake, dada. Ulipoteza ahadi ambayo haukuwa nayo, ukapata nyingine: kwamba Mungu hajawasahau watu walio mbali na kwao, na kwamba anataka waishi huko, walime huko, wauombee heri hata mji wa waliowateka.

Sasa nije kwenye "nitajuaje". Huhitaji chuo wala vitabu vya bei. Biblia ya Muungano uliyo nayo inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Unapoletewa mstari, rudi nyuma hadi pale mtu anapoanza kusema, ujue ni nani na anamwambia nani; kisha songa mbele hadi anapomaliza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na mara nyingi haizidi dakika kumi. Kinachobadilika ni umbali wa kurudi, na hilo linategemea aina ya kitabu. Zaburi isome yote, nyingi ni fupi. Kwenye manabii, rudi hadi unapokuta "neno la BWANA likanijia" au tarehe ya mfalme. Kwenye habari, kama Mwanzo au Samweli, rudi hadi watu wanapofika mahali pale. Pale utakuta vituko: yale maneno ya Mwanzo 31:49, BWANA aangalie kati ya mimi na wewe tunapokuwa hatuonani, ambayo wapendanao hutumiana, aliyasema Labani kwa mkwewe Yakobo kwa sababu hawakuaminiana hata kidogo, wakaweka rundo la mawe kuwa mpaka.

Barua isome nzima. Barua ya tatu ya Yohana haijazi ukurasa mmoja, na bado mstari wake wa 2, "Mpenzi naomba ufanikiwe katika mambo yote na kuwa na afya yako", umejenga mahubiri mengi ya utajiri redioni. Isome hadi mwisho. Yohana anamsalimu rafiki yake Gayo, kama vile wewe unavyoanza ujumbe kwa kumtakia mtu uzima. Kisha anamsifu kwa kuwakaribisha wahubiri wasafiri ambao, mstari wa 7, walitoka bila kupokea kitu kwa watu wa Mataifa. Na anamlalamikia kiongozi mmoja, Diotrefe, apendaye kuwa wa kwanza, anayewafukuza kanisani watu wanaowapokea wageni hao. Ungeniambia nichague barua moja ya Agano Jipya isiyofaa kumtajirisha mhubiri, ningechagua hiyo.

Wafilipi 4:13 nao, "nayaweza mambo yote", ni wa mfungwa anayeshukuru kwa msaada aliotumiwa. Mistari miwili ya juu yake inasema amejifunza kushiba na kuona njaa. Sina haja ya kusema zaidi, usome.

Methali ndicho kitabu kinachoruhusu mstari mmoja kusimama peke yake, kwa sababu kimeundwa hivyo kuanzia sura ya 10. Hata hivyo kina mtego wake. Soma 26:4, usimjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Soma 26:5, mjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Zimewekwa bega kwa bega makusudi, ili msomaji apime ni mpumbavu gani na ni siku gani. Sisi tulio na methali za Kiswahili hatusumbuki na hilo: haraka haraka haina baraka, na ngoja ngoja huumiza matumbo, na zote mbili ni za nyumba moja. Methali ni busara ya kutumia mahali pake. Ukiigeuza hati ya ahadi itakuangusha.

Halafu usiogope kuvuka mpaka wa sura. Marko 12 inamalizika na mjane maskini anayetia senti zake mbili, riziki yake yote, kwenye sanduku la hazina. Inahubiriwa sana wakati wa sadaka. Lakini rudi hadi mstari wa 38: Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wenye mavazi marefu, na mstari wa 40 anasema watu hao wanakula nyumba za wajane. Pale pale anatokea mjane. Kisha sura inakatika, na kwenye 13:1 mwanafunzi anasema, Mwalimu, tazama mawe na majengo haya! Yesu anamjibu kwamba halitasalia jiwe juu ya jiwe. Mjane ametoa chakula chake cha mwisho kwa nyumba ambayo Warumi waliibomoa mwaka 70. Wako wafasiri wanaosema Yesu anamsifu. Wako wanaosema anamlilia. Mimi nadhani anafanya yote mawili, na kwamba mtu anayemwambia mjane atoe zaidi bila kusoma mstari wa 40 amekaa upande usio wake kwenye habari ile. Malaki 3:10 ni hivyo hivyo, "leteni zaka kamili ghalani": panda mistari mitano tu juu yake, uone Mungu anavyowashitaki wanaomnyima kibarua mshahara wake, na wanaowaonea mjane, yatima na mgeni. Anayenukuu wa 10 anadaiwa pia wa 5.

Kuhusu vifaa vingine nitakuwa mfupi. Zipo programu za Biblia za bure kwenye simu ambazo ukishapakua sura hazili bando. Ukiweza kuazima Biblia Habari Njema, linganisha. Kiswahili chake ni chepesi. Ila vichwa vya habari vilivyoandikwa kwa herufi nzito kati ya mistari ni vya wahariri, si Maandiko, visikuamulie maana. Kama unajua kusoma Kiluganda, linganisha na Biblia ya Kiluganda pia.

Mchungaji wako usimwaibishe. Inawezekana kabisa naye aliletewa mstari ule kwa simu, au aliusikia kwenye mahubiri ya mtu mkubwa kuliko yeye. Mwendee siku ya kawaida, si Jumapili mlangoni, umwambie, "Mchungaji, lile neno la mwaka limenifanya nisome Ayubu, na nimekuta mambo. Tunaweza kukisoma kitabu chote kwenye funzo la Jumatano?" Ayubu ina sura 42, mkisoma tatu kila Jumatano mtamaliza kwa wiki 14. Akikataa hujapoteza kitu. Na mwambie mwanao, kwa upole, asigeuke polisi wa mistari anayewakamata wakubwa. Aliyesoma 42:7 asome na 42:8, ambapo wale waliokosea waliombewa.

Kwenye kikundi cha akina mama usipinge kila kinachotumwa, utachosha watu. Jibu tu kwa kuweka sura: "Asante, mpendwa, tusome Zaburi 46 yote jioni." Wengine watasoma, wengine watakuwekea kidole gumba, na maisha yataendelea.

Kwa upande wako, chagua vitabu vifupi uvimalize, uzoee ladha ya kufika mwisho. Leo usiku 3 Yohana, hata kabla ya chai kupoa utakuwa umemaliza. Kesho Filemoni, mistari 25. Wiki ijayo Ruthu, sura nne, halafu Yona, nne nyingine. Kwenye Yona angalia sana sura ya mwisho, ambayo watoto hawafundishwi. Ufunuo uache kwanza. Ukishapata mwendo, chukua Marko na mwanao kabla hajarudi shule, sura moja yeye, sura moja wewe, kwa sauti, dukani wateja wakipungua. Na mkifika mwisho wa sura ya 12 msisimame, unganisheni na mistari miwili ya kwanza ya 13.